Macho ya Chujio

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanika kimea. Jua ni kidogo, mawingu yanatoka upande wa Tororo. Nageuza kwa mikono, nafukuza kuku, nageuza tena. Pombe ya Jumamosi lazima iwe tayari.

Mwanangu Ekisa amekunywa dawa yake ya maji, ile tamu nzito ya ini. Kabla ya saa sita ameenda choo mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa maji tupu. Sipendi. Hapa kwetu kuhara tunakujua, tumezika watu kwa kuhara. Mtoto akiendesha, unazuia kwanza, maswali baadaye.

Amekonda. Ukimshika mkono unashika mfupa. Tumbo tu ndilo kubwa. Kijana wa miaka ishirini na saba anatembea kama mzee anayetafuta fimbo.

Lakini kazi anafanya. Ameketi kando ya jiko anasuka machujio ya mirija. Ajon, pombe yetu ya ulezi, hunywewa kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na kama mwisho wa mrija hauna chujio zuri unakunywa makapi. Mirija ya Ekisa inatafutwa Chakol mpaka Malaba, na ng'ambo pia. Macho ya chujio lake, yale matundu, ni madogo na yote ni sawa. Yeye mwenyewe pombe haijui ladha yake. Anatengeneza tu.

Nafikiri nimpumzishe hiyo dawa.

Jumatano, 5 Machi

Nilichemsha majani ya mpera, machungu kabisa, akanywa asubuhi na jioni. Chupa ya dawa nimeiweka nyuma ya pipa asiione. Tumbo limefunga. Tangu jana hajaenda choo. Mungu ni mkubwa.

Maharage simpi, wala omena. Mwanamke mmoja pale kliniki aliniambia sumu ya mgonjwa wa ini inatoka kwa nyama na maharage. Basi nampa ugali na mboga na chai ya rangi. Anakula.

Nimelala vizuri. Ilikuwa muda mrefu sijalala hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna kitu. Analala mchana kama askari wa lindo la usiku. Usiku nasikia miguu yake inazunguka uwanja.

Leo ametia chumvi kwa chai, akanywa yote, uso hakukunja. Nikamuuliza leo ni siku gani. "Siku ya mvua." Na haijanyesha.

Pumzi yake inanuka. Si pombe. Ni utamu wa kitu kilichooza, kama ndizi iliyosahaulika kwa gunia.

Nikachukua mrija aliokuwa akisuka. Macho yamepanuka. Moja linapitisha punje nzima ya ulezi. Nilipomwonyesha akanitukana. Ekisa, ambaye hata kuku akimwagia chai hamtukani.

Nikamwambia anyooshe mikono nione. Viganja vinaanguka, vinainuka, vinaanguka. Kama ndege aliyechoka.

Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Hakunijua. Aliniuliza mimi ni mama ya nani.

Halafu akalala, na kuamka hakuamka. Nilimwita, nikampiga kofi, nikammwagia maji. Vijana wawili wa boda walimweka katikati yao tukaenda. Pombe nimeiacha kwa chungu. Nasikia waliokuja kunywa waligeuka, wakanifungia lango wenyewe.

Shemeji Omoding, ndugu ya marehemu mume wangu, alitufuata mpaka hospitali. Akasema hii si ini tena, hii ni kichwa, na kichwa kina wenyewe.

Jumatatu, 10 Machi. Wodini

Bado amelala. Wanamtia dawa kwa njia ya nyuma. Nilipoona chupa nilijua kabla sijaambiwa. Ni ile ile niliyoficha nyuma ya pipa.

Sista Nafula wa wodi hii hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Mama, uliacha lini?" Nikamwambia yote, na majani ya mpera. Akavuta kiti. Akachukua boksi tupu la glavu akanichorea kwa upande wake wa nyuma. Naandika vile nilivyoelewa, kichwa changu kisije kikapoteza.

Ndani ya matumbo kuna wadudu wadogo sana, si wabaya, ni wetu. Wakila mabaki ya chakula chetu wanatoa kitu kinaitwa amonia. Ile harufu ya mkojo uliokaa, inayouma pua, ndiyo hiyo. Kila mtu anayo tumboni. Mimi ninayo sasa hivi nikiandika. Damu inaibeba mpaka kwa ini, na ini linaibadilisha kuwa kitu kisicho na ukali, kinatoka na mkojo. Ini ni kama forodha pale Malaba. Kila lori lisimame, lifunguliwe, likaguliwe.

Ini la Ekisa limejaa makovu. Damu haipiti, imepanga foleni. Basi inatafuta njia za panya, inazungukia kando ya ini, kama watu wa magendo ya sukari wanaovukia mtoni. Amonia inafika kichwani hakuna aliyeikagua.

Kichwani sasa. Kuna seli zenye umbo la nyota, mikono mingi. Hizo hazifikiri. Zinalea zile zinazofikiri. Zinalisha, zinafagia, zinasafisha. Nikasema, basi ni kina mama. Sista akacheka, "Waite hivyo hivyo." Amonia ikiingia, ni hizo nyota zinazoidaka. Zinaifunga pamoja na kitu kingine, glutameti, na zote mbili zinakuwa glutamini. Ni kazi nzuri, ukali unapungua. Lakini glutamini inavuta maji. Ikijaa ndani ya nyota, maji yanaifuata na nyota inavimba. Nimeona ulezi nikiuloweka, unavimba hivyo mpaka ngozi inakaza. Tofauti ni kwamba chungu kina nafasi. Kichwa ni mfupa pande zote.

Na kuna mbaya kuliko hiyo. Glutamini inaingia mpaka jikoni kwa seli, pale moto wake unapowaka, na huko inafunguliwa. Amonia inatoka tena. Magendo ndani ya gunia la mahindi. Nyota inaungua kwa ndani, inashindwa kufagia, na zile habari zinazopita kati ya seli za kufikiri zinavurugika. Za kuamsha na za kutuliza hazilingani tena. Ndiyo usingizi wa mchana. Ndiyo chumvi. Ndiyo matusi. Hata ile mikono ya ndege.

Si pepo. Si tabia mbaya. Ni nyota zimebeba kuliko nguvu zao.

Nikauliza, sasa dawa ya kuharisha inasaidia nini hapo? Akasema ni sukari ambayo mwili hauwezi kuila. Inashuka yote mpaka kwa wale wadudu, wao wanaila, na inachacha. Hapo nilielewa kabla hajamaliza. Kuchacha nakujua, kumenilishia watoto. Uchachu ule unaipachika amonia chembe moja ndogo zaidi, na ikiwa na chembe hiyo haipenyi tena ukuta wa utumbo kuingia kwa damu. Inabaki ndani, inatoka na choo. Kule kuendesha ndiko kazi yenyewe. Choo laini mara mbili au mara tatu kwa siku. Kikizidi kikawa maji, unapunguza dawa na unawaambia wao. Huachi.

Mlango wa kutokea nimeufunga mimi. Kwa mkono wangu. Na nikalala vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Amefungua macho. Ameniita toto.

Ndivyo alivyoniita akiwa mdogo, kwa Kiteso chetu, kabla shule haijamfundisha kusema mama. Nimetoka nje nikalia nimeegemea ukuta. Halafu nimerudi.

Choo kimetoka. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa choo. Leo nimemshukuru.

Ijumaa, 14 Machi

Tumerudi nyumbani. Kuku wamekula kimea chote. Wacha wale.

Sista Nafula alinishika mlangoni tukiondoka. Aliuliza nampa chakula gani. Nikasema kwa majivuno kabisa kwamba maharage na omena nimeondoa. Akafunga macho kidogo. "Mama, hapana. Hapo tena umemnyima msaidizi." Nyama ya mwili, hii misuli ya mkono na paja, nayo inajua kuifunga amonia. Ini likichoka, misuli inashika kazi. Ukimnyima chakula cha kujenga, mwili unakula misuli yake wenyewe, na ikivunjika inatoa amonia ile ile. Hasara mara mbili. Kwa hiyo maharage, maziwa, yai, omena. Kidogo kidogo mara nyingi, na asilale na njaa. Uji wa mwisho kabla ya kulala.

Nilikuwa nalinda mtoto kwa njaa. Leo nimemchemshia omena na nimekaa mbele yake mpaka sahani ikaisha. Ameuliza kama nimeajiriwa na jela.

Jambo la pili aliloniambia, nichague kitu kimoja ambacho Ekisa hukifanya kwa mikono kila siku, nikiangalie kila asubuhi. Kichwa kikianza kuchafuka, mikono husema kabla ya mdomo. Nilijua hapo hapo nitaangalia nini.

Jumapili, 16 Machi

Omoding amekuja baada ya ibada. Hakukaa. Jumamosi ukoo unaketi kwake kusema juu ya Ekisa. Kuna nyumba ya maombi ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Mtu anafungiwa huko, anafunga kula na kunywa, mpaka kilichomwingia kimtoke. Binamu yao mmoja alitoka huko mzima. Omoding hana ubaya. Mume wangu alipokufa ndiye alichimba kaburi, na Ekisa anamwita papa, yaani baba. Kwetu mtoto ni wa ukoo, na mke wa marehemu hapingi ndugu ya mumewe mbele ya watu.

Kufunga kula. Ndicho kitu nilichosikia. Atarudi kutoka huko akiwa amebebwa.

Kisimani mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mpishi wa pombe ameivisha ini la mwanawe." Wengine wakacheka chini chini. Mimi nilijaza mtungi wangu mpaka juu. Mtoto hajawahi kunywa. Ni kirusi cha ini, na madaktari wanafikiri alizaliwa nacho. Nami nilipimwa nikapatikana nacho, kimelala tu. Hiyo singewaambia wale. Nimeiandika hapa, inatosha.

Nimekasirika. Hasira inanifaa kuliko hofu. Hofu ndiyo ilichemsha majani ya mpera.

Jumatano, 19 Machi

Dawa asubuhi, mchana, jioni. Choo mara tatu, laini. Nauliza bila aibu, naye anajibu bila aibu. Jana nilimuuliza mbele ya mteja. Akasema, "Toto, tangazia redio basi."

Kila asubuhi, akishakunywa chai, ananipa chujio la kwanza. Nalielekeza kwa jua. Jumatatu macho yalikuwa makubwa upande mmoja. Jana bora. Leo karibu sawa.

Nami nimeanza kusuka naye. Nataka vidole vyangu vijue vinachoangalia. Nyuzi za ukindu zinaniponyoka. Ananiangalia, ananihurumia.

Usingizi wake umeanza kurudi usiku. Mchana alisinzia kidogo tu. Nilisimama karibu nikihesabu pumzi, akafungua jicho moja akaniambia niende nikafanye kazi.

Jumamosi itakuwaje. Kama wakimtaka kwa nguvu nitalala mbele ya lango. Nimeshaamua.

Ijumaa, 21 Machi

Sijala. Nimemlisha yeye.

Nimetengeneza pombe ya kikao. Omoding aliniagiza mimi, hakuna mwingine. Sijui ni heshima au ni mtego. Nimeipika vizuri kuliko siku zote.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika yote.

Wazee walizunguka chungu, mirija imeingia. Sisi wanawake kwa mkeka. Ekisa kwa kigoda kando ya Omoding, bila mrija. Wakaanza kumsema kama hayupo. Amezunguka usiku. Amemtukana mamake. Hakumjua mamake. Kila walichosema kilikuwa kweli, hiyo ndiyo iliniuma.

Nikaomba kusema. Nikawaambia juu ya ini na njia za panya. Hapo walisikiliza, nusu yao wameishi kwa hizo njia. Nikawaambia juu ya nyota zinazovimba kama ulezi. Nikasema maombi nayataka, tuombe hata sasa, lakini akiwa amekula. Akifunga, mwili wake utakula misuli yake, na misuli ndiyo imebaki kushika kazi ya ini. Mtamfungia ndani na sumu yake.

Mzee mmoja akauliza, "Mama Ekisa, huo udaktari umesomea wapi?"

Nikasema darasa la tano, na ngumbaru ya watu wazima, na wodini nikikalia ndoo. Wakacheka. Si cheko baya.

Omoding hakucheka. Alikuwa anatema makapi. Ananyonya, anatema, ananyonya, anatema. Mzee wa pili akamwambia, "Wewe unakunywa ama unatafuna?" Chujio la mrija wake lilikuwa limepasuka.

Ekisa akanyoosha mkono. "Lete, papa."

Omoding akampa, nafikiri kwa mazoea tu. Wakaendelea kubishana. Wengine wanataka aende ng'ambo kesho, wengine wangoje mwezi uandame. Ekisa alitoa ukindu mfukoni. Mimi sikusikia tena maneno, niliangalia viganja. Vimetulia. Alikata kile kilichochakaa, akaanza upya kutoka nchani, uzi juu, uzi chini, anaupitisha mdomoni kuulainisha, anakaza kwa kucha. Mmoja baada ya mwingine wale waliokuwa wanabishana wakapunguza sauti. Mwisho wote walikuwa wanaangalia mikono ya mtu waliyesema hana kichwa.

Alipomaliza aliliangalia kwa jua. Akampa Omoding.

Omoding akanyonya. Akangoja kitu cha kutema. Hakikuja. Akanyonya tena, mara hii kwa muda mrefu.

Aliyekuwa anataka aende kesho alitazama kofia yake. Halafu Omoding akaniangalia, si macho ya hasira. "Mwache kwako. Lakini akianza kulala mchana, mtu wa kwanza kujua ni mimi. Si majani ya mpera." Kumbe alijua. Wote walijua.

Nikasema sawa, shemeji.

Jumapili, 23 Machi

Nimelala mpaka jua likaingia ndani. Ekisa ndiye alinipikia chai. Nilionja kwanza kwa woga. Sukari.

Alhamisi, 3 Aprili

Kliniki. Sista Nafula amemwambia anyooshe mikono, akanyoosha, ikakaa. Nilimpelekea mrija. Akauliza ni wa nini, kwao Nangina hawanywi hivyo. Nikamwambia autundike ukutani, aangalie macho.

Ameniambia wazi, na Ekisa akisikia. Ini hili halitapona. Kuna dawa ya kukituliza kirusi, ataanza. Lakini makovu ni makovu. Siku mbaya zitarudi. Choo kikifunga, homa ikimpata, akitapika sana, zitarudi haraka, na tusingoje.

Tulipofika lango Ekisa akasema, "Basi tutakuwa tunaangalia." Akaingia kulisha kuku.

Nililia kidogo jikoni. Moshi ulinisaidia.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua imenyesha usiku wote. Maharage yameota mstari wa kwanza. Omoding ameleta maziwa, ameyaweka mlangoni akaenda, anasema ana haraka. Kila siku ana haraka na kila siku analeta.

Asubuhi chujio la kwanza halikuwa zuri. Macho makubwa kidogo katikati. Nilimuuliza choo, akasema jana mara moja. Nikaongeza dawa. Niliogopa, lakini mikono ilifanya kazi yake. Kufikia alasiri ameenda, la pili likawa bora, la tatu sawa.

Jioni tumekaa kando ya jiko, yeye na mrija wake, mimi na wangu. Nilipomaliza nilifurahi, nilifikiri leo nimepata. Akauchukua bila kuombwa. Akauelekeza kwenye mwanga uliobaki, akaugeuza taratibu. Aliona kitu ambacho mimi sikukiona.

Akalifumua chujio langu lote, mpaka mwanzo. Akaninyooshea nyuzi kwenye goti, akanirudishia.

Nimeanza upya.